Wandera Anaita Sang

Mogogosiek, Konoin
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Goti lako linaendeleaje? Usinijibu "liko tu." Nataka kujua kama sasa unapanda ngazi za kanisa au bado unakaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango. Na wale kuku waliokuwa na mafua, walipona au mliwala? Sisi huku ni wazima, isipokuwa kikohozi changu, ambacho huku hakihesabiwi kuwa ugonjwa. Baridi ni ile ile. Leo kanisani pasta alihubiri akiwa amevaa koti na kofia, na hakuna aliyeshangaa.

Najua utauliza kwa nini nimeandika barua na simu ipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema "Haloo, Mama," wewe unasema, "Mlete mtoto." Nikisema huku kunanyesha, unasema, "Ndiyo sababu nakwambia umlete, huku kuna jua." Barua huwezi kuikatiza. Ataileta jirani yetu wa Funyula anayekuja likizo kesho, na nimemwambia akupe mkononi mwako.

Ulisema Jumamosi unapanda gari uje umchukue Wandera. Tangu useme hivyo sina utulivu. Nakaa nasimama, nasimama nakaa. Hata sasa nimeinuka kugeuza nepi zilizo juu ya jiko, nimerudi, na tayari naona kama upande mwingine unaungua. Ngoja.

Nimerudi. Haziungui, ni moshi tu.

Mama, nepi za kitambaa si mchezo huku. Uliniambia ninunue zile nzito za taulo kwa sababu zinadumu. Zinadumu kweli, na maji yake yanadumu pia. Asubuhi naanika kwenye waya, naangalia juu, naona kama kutakuwa na jua. Nikishafika kiwandani, mvua hiyo. Huku huwa inakuja baada ya chakula cha mchana bila kukosa siku. Basi tunakaushia juu ya jiko, nyumba inanuka moshi na mkojo, na Baba Wandera akirudi na lori la majani chai anasimama mlangoni na kusema, "Hii nyumba imekuwa kiwanda ya pili." Anacheka mwenyewe. Mimi siku hizi sicheki.

Unajua kwamba nikiwa kazini mtoto hukaa kwa jirani, mama mzee Mkipsigis ambaye watoto wote wa kambi ya wafanyakazi humwita Kogo, yaani bibi, kama sisi tunavyosema kukhu. Mume wake ni Mzee Sang. Yeye hulisha boila ya kiwanda kuni usiku, kwa hiyo mchana yuko nyumbani, ama amelala ama anapasua kuni zake. Ni mtu wa maneno machache sana. Nimekaa ukuta mmoja naye miaka hii yote na sidhani tumewahi kuongea zaidi ya salamu na habari ya mvua.

Juzi juzi Kogo akaniita kwa Kiswahili chake, ambacho d hugeuka t. "Mama Wantera, mimi nitaenta Silibwet. Msichana yangu iko na mapacha kwa tumbo. Nitakaa huko mpaka watoto wapate nguvu. Tafuta mahali ya huyu."

Kuna kreshi hapa kambini, nyuma ya zahanati, nikaenda siku hiyo hiyo na dustkoti yangu ya kiwanda. Mwalimu ni msichana wa huku huku, mdogo, mpole. Alimshika Wandera shavu, akamchungulia nyuma, akaona vile kaptula imevimba.

"Mathe, mtoi ni mpoa, lakini nepi hatubadilishi. Tuko wawili na watoto ni wengi. Siku ataweza kusema mwenyewe anataka choo, mlete hata kesho."

Ndipo nikafanya kosa la kukupigia simu nikiwa bado njiani nalia, na wewe ukasema unakuja kumchukua.

Nilijaribu, Mama. Baba Wandera alileta poti ya plastiki kutoka Kapsoit, ya bluu. Wandera aliivaa kichwani, akazunguka nayo laini nzima ya nyumba zetu, watoto wenzake nyuma yake wakishangilia. Nilipomkalisha, alikaa kama chifu kwenye baraza, mikono juu ya magoti, akiniangalia. Hakuna kitu. Ninamwinua, ninamfunga nepi, pini ya mwisho haijaingia vizuri, inalowa. Nilijaribu na njia yako pia: nikamvua, nikakaa kwenye stuli nyuma ya nyumba, nikamkalisha juu ya nyayo zangu kama ulivyotukalisha sisi. Mapaja yake yakawa na vipele vya baridi na akakohoa hadi nikaogopa. Nikamrudishia nepi, tena mbili mbili. Usikasirike. Udongo wa Funyula una joto, mtoto anaweza kukaa uchi kutwa nzima. Huu wa huku unapenda chai tu.

Sasa nitasema wazi lile ambalo kwenye simu silisemi. Sitaki umchukue Wandera. Ninajua utamlea vizuri, na hilo ndilo linaloniogopesha. Nafula, dada yake, nilikuletea akiwa bado anatambaa. Nilikuwa nimepata kazi, chumba kilikuwa cha kushirikiana na wasichana wengine, tukasema ni kwa muda mfupi. Leo yuko Gredi ya Tano, anakuita wewe Mama, na mimi ananiita Anti. Krismasi nilipomvuta nimsuke nywele, alikuangalia wewe kwanza kama umeruhusu. Nilimsuka, lakini mistari ikaenda upande. Sikulaumu wewe, na yeye pia simlaumu hata kidogo. Lakini wa pili naye akianza kuniita Anti, sijui nitakuwa nafanya kazi huku kwa ajili ya nani.

Kuna kitu kingine kimetokea, na ni afadhali ukisikie kwangu, kwa sababu watu wa Funyula walioko huku wataleta habari hiyo nyumbani na watatia chumvi.

Siku zile za poti, Wandera alianza jambo jipya. Anacheza vizuri, mara anasimama, uso unabadilika, anashika nepi kwa mikono miwili na kupiga kelele, "Sang! Sang!" Halafu analowa na kuanza kulia. Mara ya kwanza nilidhani sikusikia vizuri. Jioni ile ile akarudia, macho yakiwa mlangoni. Sang. Mama, hilo ni jina la mzee wa jirani.

Nilikaa chini sakafuni. Mtoto anayejikojolea huku akitaja jina la mwanamume mzima, wewe ungefikiri nini? Nilifikiri mzee anaamshwa mchana na kelele zake na kumchapa. Nikafikiri na mengine ambayo sitayaandika hapa. Nilimvua nguo nikamkagua mwili wote, nyuma ya masikio, katikati ya vidole. Sikuona alama. Hiyo haikunituliza, ilinifanya nifikirie mabaya zaidi. Nikamuuliza, "Sang amekufanya nini?" Akalia kwa nguvu, akashika sketi yangu akanivuta kuelekea mlangoni. Nikaamini anataka kunionyesha mahali alipoumizwa. Nikafunga mlango kwa komeo na kumkumbatia, na akanilowesha.

Baba Wandera sikumwambia. Unamjua mkwe wako, angevunja mlango kwanza aulize baadaye. Na sisi huku ni watu wa kuja, Mama. Kila kura ikikaribia tunakumbushwa hilo bila kuuliza. Ukigombana na mwenyeji leo, kesho hamtakuwa nyinyi wawili tena, watakuwa watu wake na watu wako. Kwa hiyo nilinyamaza, na kila asubuhi nilimpeleka mtoto kule kule kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kumpeleka. Fikiria hilo. Nilikuwa namkabidhi kwa Kogo na kuondoka bila kugeuka. Mzee Sang alinisalimu akitoka boila, "Chamgei, Mama Wandera," na mimi nikapita kama sikusikia. Kazini nilishona midomo ya magunia vibaya mpaka supavaiza akaniuliza kama nimekunywa kitu.

Alhamisi nilishindwa. Niliomba ruhusa kabla ya shifti kuisha, nikapanda mlima wa kambi mvua ikininyeshea. Nilipokata kona ya nyumba yetu, nikamwona Mzee Sang amemshika Wandera mkono, anamvuta mbio kuelekea nyuma ya nyumba. Mtoto hana nepi. Analia, "Sang! Sang!"

Sijui nilifikaje pale. Nilimnyakua mtoto, na kwa mkono huu mwingine nikamsukuma mzee kifuani. Alirudi nyuma hadi akagonga ukuta.

"Mzee, mtoto yangu umemfanya nini? Mbona kila siku analia jina lako?"

Mzee alibaki na mkono hewani. "Jina yangu?"

"Si wewe ndio Sang? Kila saa ni Sang, Sang, halafu anajikojolea kwa uoga!"

Na hapo hapo, Mama, Wandera akakojoa. Juu ya dustkoti ya kampuni, ikashuka hadi kwenye viatu. Majirani walikuwa wameanza kutoka milangoni. Kogo akatoka na mikono ya unga, akauliza mume wake kitu kwa Kikipsigis, mzee akajibu neno moja. Kogo akaniangalia, akamwangalia Wandera, halafu akaanza kucheka. Alicheka ameshika mlango, kisha akacheka amekaa juu ya rundo la kuni, machozi yanamtoka.

"Wee, Mama Wantera! Sang si mtu! Sang ni nje! Mimi ndio nilimfuntisha. Akisikia mkojo, aseme sang, tuente nje. Huyu mzee ndio humkimpisa, kwa sababu mguu yangu ni mpaya. Kwangu hakojoi kwa nepi siku hisi. Si nakurutishia nepi kavu kila jioni? Hukuona?"

Niliona. Niliona zinarudi zimekunjwa vile vile nilivyozipeleka, nikadhani Kogo ana zake anazomfunga, na nikamshukuru moyoni kwa kunipunguzia kufua.

Mzee Sang hakucheka. Alijipangusa kifua mahali nilipomsukuma. "Mimi ni Kipsang," akasema. "Mama yangu alinisaa nje, akitoka mtoni. Hiyo ndio jina. Lakini mimi siwesi kuumisa mtoto ya mtu." Akaingia nyumbani na kufunga mlango polepole.

Mama, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilitamani angenitukana. Nilibaki pale nimelowa mvua na mkojo, mtoto begani, watu wakiniangalia.

Baba Wandera aliporudi nikamwambia yote. Alianza kucheka, halafu akaacha. "Ulimsukuma? Mzee wa watu?" Tukanawa, tukavaa nguo safi kama tunaenda kwa wakwe, tukachukua ile omena uliyonitumia, kwa sababu ndiyo kitu kizuri kilichokuwa ndani ya nyumba, tukagonga mlango wao. Kogo alipokea mfuko kwa mikono miwili, akafungua, akachungulia, akauliza kwa adabu, "Na hisi ziko na macho, mnatoa macho kwanza ama mnapika nayo?" Nilikuwa nimesahau kwamba wazee wa huku samaki si chakula chao.

Mzee alikuwa amekaa karibu na moto, haangalii mtu. Baba Wandera aliongea vizuri, mpaka mimi nikamshangaa. Mimi nikaongea vibaya, nikaanza kulia katikati. Wandera alikuwa anacheza chini na gome la kuni. Akasimama, akashika mbele ya suruali, akaangalia mlango.

"Sang," akasema.

Mzee Sang akageuza kichwa. "Unaita mimi, ama unataka nje?"

Hapo tukacheka sisi sote, hata yeye, na yeye ndiye aliyetangulia kusimama na kumpeleka. Waliporudi akaketi karibu na mume wangu, wakaanza kuongea habari ya kuni mbichi zinazoletwa boila.

Lakini sijatulia, Mama, na nitakwambia kwa nini. Mtoto wangu alikuwa ananiambia. Siku zote hizo alikuwa anasema wazi, anakamata sketi, ananivuta mlangoni, na mimi nafunga komeo na kuongeza nepi ya pili. Neno lake la kwanza la maana katika maisha haya amelisema kwa lugha nisiyoijua, kwa sababu anayeshinda naye si mimi. Nilifurahi kwamba ana akili hivyo. Na niliona wivu, Mama. Kogo ni mtu mzuri na nilimwonea wivu hadi nikashindwa kumwangalia usoni alipokuwa ananimiminia chai.

Ijumaa nilimpeleka kreshi bila nepi, kaptula za akiba ndani ya mfuko. Kazini nilienda chooni mimi mara nyingi kuliko mtoto yeyote, si kwa haja, ni kwa kutembea tu. Jioni mwalimu alimtoa, na Mama, alikuwa amevaa kaptula ile ile ya asubuhi.

"Mathe, huyu ni mtu mkubwa. Anasema mwenyewe," akaniambia. Halafu akacheka. "Sema tu sijui mbona ananiambia na Kikipsigis, na nyinyi ni Waluhya."

Kwa hiyo amepata nafasi. Sitakudanganya kwamba mambo yamekwisha. Usiku bado namfunga nepi, na jana alijisahau akiangalia mbuzi. Leo asubuhi kanisani, katikati ya maombi, alisema neno lake kwa sauti kubwa, na mzee wa kanisa ambaye pia ni Sang akafungua macho. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni na mtoto kwapani. Kogo anaondoka kesho. Amenifundisha maneno mengine mawili matatu, la maji na la njaa, ili nisije nikapiga mzee mwingine.

Basi, Mama, usije Jumamosi kumchukua. Kama umeshaambia watu unasafiri, waambie umeahirisha. Ngoja shule zifungwe, uje kututembelea, ukae hata kama ni kulalamika juu ya baridi, na uje na Nafula. Sijasema atabaki. Au labda nimesema. Sijui, nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara nyingi hadi karatasi imetoboka, unaiona hapo juu. Chumba sasa ni chetu, kuna shule chini ya kambi, na kitanda kinaweza kutoshea. Nasema tu hayo yapo. Wewe na yeye mtaongea.

Nisalimie Baba Mdogo Egesa kule kinyozini, umwambie kofia aliyonipa inanisaidia sana. Nisalimie wifi yangu Taaka na mtoto wake mchanga, na umwambie asikimbilie kununua nepi nyingi. Msalimie mama wa kwaya aliyekaa nawe ulipokuwa huwezi kutembea, sijasahau. Baba Wandera anakusalimu na kuomba omena nyingine, kwa kuwa ile yake niliigawa.

Sasa Nafula. Najua ni wewe unayemsomea Mama, kwa sababu miwani yake haimsaidii tena na hati yangu ni mbaya. Nilipoanza kuandika nilisahau hilo. Nilipokumbuka nilikuwa nimeshapita pale pa Krismasi, nikashika karatasi nikitaka kuipasua, kisha nikaacha. Umeshasoma, na ni kweli. Endelea kuniita unavyozoea, sitakukataza. Kuna jambo moja tu linalonisumbua tangu Alhamisi. Wewe ulipoacha nepi, mimi nilikuwa huku nashona magunia. Lazima ulikuwa na neno lako. Kila mtoto analo, nimejifunza, na mimi la kwako silijui. Muulize Mama, atakuwa anakumbuka, halafu uniandikie wewe mwenyewe.

Ni mimi,
Nabwire,
Mama Nafula